Chumvi ya Siku ya Mfungo

Jasumati wa ghorofa ya chini ndiye aliyenitia neno sikioni.

"Dada Hansa, watu wanasema mkweo anamlisha Hiten chumvi kwa siri. Mwangalie."

Nikamcheka. Lakini lile neno likanikaa kama changarawe kwenye wali. Baba yake Hiten alikufa kwa presha, ghafla, mkono ukiwa bado ndani ya sahani. Sasa mwanangu naye imempanda. Daktari alimpa dawa, akasema apunguze chumvi, Hiten akakubali, na bado kila akipimwa imepanda.

Kwetu chakula hakionjwi jikoni. Kinawekwa kwanza mbele ya sanamu ya mungu wetu Krishna, ndipo tule. Sasa Falguni, mke wa Hiten, akipika, nani ajue ametia nini? Nikawa nakaa mlangoni kujifanya nachambua dengu. Tukila, naonja haraka: mchuzi chapwa, kama maji ya kuoshea mchele. Nikasema moyoni, basi anatia kwenye sahani ya mumewe tu. Nikabadilisha sahani yangu na ya Hiten. Nayo chapwa! Sikutulia. Chumvi nikaifungia kabatini na sari zangu.

Presha ikapanda tena. Nikamvaa Falguni.

"Unamlisha nini mwanangu?"

"Mama, chumvi inalala na sari zako. Nitaitoa wapi, machoni?"

"Ulimi huo!"

"Basi nirudishe kwa kaka yangu, Jasumati afurahi. Nikiondoka na presha isiposhuka, utamshuku nani?"

Usiku ule usingizi ukanikimbia.

Ikaja Ekadashi, siku ya mfungo. Siku hiyo hatuli nafaka wala chumvi ya kila siku, tunatumia ile ya mawe, ya rangi ya waridi. Naingia jikoni, namkuta Hiten na bilauri ya mtindi wa maji, anatia kijiko kizima cha chumvi ya mawe.

"Hiten! Chumvi hiyo!"

"Hii ya mfungo, Mama, si chumvi. Siku ya kuacha chumvi si ndiyo hii tunayokula? Tangu daktari aseme, nyingine sijaigusa. Hata kazini dukani natumia hii." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani chumvi ileile. Kumbe huko dukani anainyunyiza kwenye tango, kwenye mapera, kwenye njugu.

Falguni, aliyekuja kwa kelele zangu, akaketi sakafuni, akacheka mpaka akalia.

Mimi sikucheka. "Falguni mwanangu, mpekue mfuko wa pili." Ikatoka karatasi nyingine.

Tulimpeleka kwa muuguzi siku ileile. Akamwambia, "Kaka, chumvi ni chumvi. Presha haijui kama umefunga."

Kwa hiyo wewe mama, kabla hujamshuku mkweo, mwepushe mwanao na hivi:

Chumvi ya mawe, hata siku ya mfungo.
Chumvi nyeusi ya kwenye matunda na mtindi.
Achari, ya embe na ya ndimu.
Papadi, zile chapati kavu nyembamba za dengu.
Gathia na chevda, vitafunio vya chumvi vya dukani.
Chumvi kwenye unga wa chapati.
Chumvi ya kuongeza mezani.
Kuacha dawa kwa sababu anajisikia mzima.