Shemeji Aliyeosha Gari

Asubuhi ya kumzika mume wangu Oiva, gari lake lilikataa kufunguka. Saa tatu ilikuwa imepita, mazishi yalikuwa saa tano, na kutoka kwetu mpaka kanisani ni kilomita hamsini na mbili za misonobari. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Nilitia ufunguo kwenye tundu la mlango, ukaingia kiasi cha ukucha, ukagoma.

"Shemeji," nikasema, "gari halifunguki."

Tauno, mdogo wake Oiva, alikuwa nyuma yangu na shada la maua mikononi, amevaa suti ya marehemu kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa haimfungi tena tumboni. Alikuja kwa basi siku mbili kabla. Leseni yake ilichukuliwa zamani kwa ajili ya mtoto wa jicho.

"Haliwezi kugoma," akasema. "Jana nimeliosha."

"Umeliosha."

"Nimeliosha, ndiyo, mbona unaniangalia hivyo? Ndoo nne za maji ya moto yaliyobaki kwenye sauna. Ulitaka tukamzike kaka na gari lenye tope kama la wakata magogo?"

Jana yake hewa ilikuwa nafuu, nyuzi nne tu chini ya sifuri, theluji inalainika. Huku kwetu Laplandi hata mtoto wa chekechea anajua kwamba gari halioshwi Januari. Lakini huku kwetu pia mtu haendi mazikoni na gari chafu, maana watu wakitoka kanisani hupita nyuma ya magari polepole, mikono mgongoni, wanayakagua. Tauno alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, akachagua heshima. Usiku baridi ikashuka, na heshima ikaganda yote kwenye vitasa.

"Na ukalifunga kwa ufunguo," nikasema.

"Oiva alikuwa analifunga."

Hilo ni kweli. Oiva alilifunga kila jioni kwa miaka thelathini, na mwizi wa karibu nasi ni kulungu, ambaye naye hana leseni.

Sikukasirika. Ilikuwa siku ya kumi na saba tangu Oiva aanguke kwenye njia ya kuni, na katika siku zote hizo sikuwa nimehisi kitu. Watu walileta keki, nikala keki. Walinikumbatia, nikakumbatiwa. Nilikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: unaligusa kwa ulimi, lipo, lakini halisemi.

Niliingia ndani nikampigia simu mwenye teksi.

"Niko ng'ambo ya mto na watoto wa shule, mama," akasema. "Kabla ya saa sita sifiki kwako."

"Saa sita atakuwa keshafukiwa."

"Pole sana, mama."

Nikampigia mchungaji. Ni mwanamke kijana, na sauti yake ni ya mtu anayevaa koti huku anaongea.

"Mama Saimi, nitakungoja robo saa. Zaidi ya hapo siwezi, nina mazishi mengine saa saba parokia ya jirani. Na kaburi wameliyeyusha kwa umeme siku mbili nzima, mama, litaganda tena, halitangoja. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Msimzike bila mimi."

"Robo saa," akasema.

Nilipotoka nje nilimkuta Tauno amepiga magoti kwenye theluji, uso wake kwenye mlango wa gari kama anayelibusu. Nikadhani anasali.

"Tauno?"

"Mmm," akasema.

"Unafanya nini?"

"Mm-mm."

Alikuwa ametaka kupuliza pumzi ya moto ndani ya kitasa. Mtoto wa miaka mitano huonywa asiguse chuma kwa ulimi, lakini hakuna aliyemwonya mzee wa miaka sabini na moja kuhusu masharubu. Yalikuwa yameganda kwenye kitasa, na mdomo wa juu uko njiani kufuata.

Nilijua kwamba inachekesha. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne. Nikaleta kikombe cha kahawa vuguvugu, nikamwagia pale taratibu, akaachia kwa sauti ya karatasi inayochanika.

"Nywele ngapi zimebaki?" akauliza, mkono mdomoni.

"Za kutosha. Sasa umeongeza kahawa kwenye kitasa."

"Wewe ndiye uliyemwaga!"

"Ningekuacha? Nikuvute mpaka kanisani pamoja na gari?"

Januari huku kwetu saa hiyo bado ni giza, nikamulika tochi ndani kupitia kioo. Juu ya dashibodi, mahali pa kuonekana vizuri, palikuwa na kichupa cha buluu. Dawa ya kuyeyusha vitasa. Kwa miaka arobaini Oiva aliwahubiria watu, dukani, kwenye sauna, hata arusini, kwamba dawa ya vitasa hukaa mfukoni na haikai garini. Yake ilikaa garini.

Tauno naye akachungulia. Tukasimama mashavu yetu kwenye kioo kimoja, tunakitazama kichupa.

"Kaka yangu huyo," akasema.

"Mume wangu huyo," nikasema.

Akapendekeza nyundo. Nikamwambia kioo kikivunjwa kwa baridi ile, tutafika kanisani majeneza matatu. Akapendekeza maji ya moto, kisha akajisikia mwenyewe. Akatoa kwenye koti chupa bapa ya pombe.

"Hiyo ni asilimia thelathini na nane," nikasema. "Kwa baridi hii itaganda kabla haijafika ndani. Kunywa au rudisha."

Akarudisha, baada ya kuipima kidogo.

Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini baba yangu alipika pombe msituni, nami najua kipi huganda na kipi hakigandi. Ndani ya stoo kulikuwa na spiriti ya jiko la kambini, ile ya zambarau isiyonywewa. Shida ilikuwa namna ya kuiingiza katika tundu dogo kama lile. Nikafungua friji. Dawa ya sukari ya Oiva ilikuwa bado kwenye rafu ya juu, kando ya maziwa, na mabomba yake ya sindano kwenye kopo, kwa kuwa kalamu za kisasa za kuchomea dawa alizikataa, alisema ni za watu wa mjini. Asubuhi na jioni nilikuwa nikimchoma mimi. Mkono wangu ulichukua bomba, ukavuta, ukagongagonga kwa kucha ili hewa itoke. Haukuniuliza.

"Shemeji," Tauno akasema nilipochomeka sindano kitasani, "unapima dozi?"

"Nyamaza, usimtikise mgonjwa."

Bomba la kwanza likatoa uji wa kahawa iliyoganda. La pili likaingia. La tatu, nikatia ufunguo na kuuzungusha polepole, na kitu ndani kikasema *tak*. Tauno akashika mkono wa mlango, akaweka mguu kwenye gari, akavuta. Mpira wa mlango ukaachia kidogo kidogo, halafu wote kwa mpigo, naye akakaa kwenye theluji na suti ya kaka yake.

Saa nne na robo.

Lakini mlango uliofunguka namna hiyo haufungi. Ulimi wa kitasa ulikuwa umeganda umerudi ndani. Unaubamiza mlango, unakurudia kama mgeni aliyesahau kofia. Mlango wa abiria wenyewe haukufunguka kabisa. Basi Tauno akapandia upande wangu, akajivuta juu ya gia na shada lake, makalio mbele ya uso wangu, anaomba radhi njia nzima. Nikachukua kamba ya kunasia kulungu iliyokuwa ukumbini, nikafunga mlango wangu, nikaipitisha vifuani mwetu sote wawili, nikaikaza kwenye mkono wa mlango wake.

Injini tulikuwa tumeichomeka kwenye umeme wa kuipasha joto tangu alfajiri, ikawaka.

Sikuwa nimeendesha kwa miaka kumi na tisa. Oiva hakupenda; nikigusa gari lake aligomba. Huku kwetu dereva hukaa kushoto: mkono wa kulia ulishika usukani, wa kushoto ukavuta mlango, maana kamba ilikuwa inalegea kila kona, na upepo uliingia kwenye ufa kama kisu cha kuchunia.

"Shemeji, unaendesha gari au unalichunga?"

"Unataka kushuka?"

"Nishukie wapi? Nimefungwa!"

Baada ya kilomita thelathini nilikuwa siusikii tena mkono wa kushoto. Sikujali, ulikuwa umeungana na sehemu nyingine zote za mwili. Tauno alikuwa ameyatia maua ndani ya koti, anayahemea.

Tulifika saa tano na dakika kumi na tatu. Mchungaji alikuwa mlangoni anatazama saa. Waombolezaji wote walitoka nje kuona, na walichoona ni mjane na shemeji yake wamefungwa kamba kama kulungu wawili wa kuchinjwa. Fundo lilikuwa limeganda. Mtunza kanisa akalikata kwa kisu chake cha kiunoni. Gari lilikuwa safi sana, kila mtu aliliona.

Huku kwetu kila mume na mkewe na kila ukoo hupita mbele, huweka maua kwenye jeneza na kusoma kadi kwa sauti. Mjane hutangulia. Kadi yangu ilikuwa na beti nne nzuri tulizochagua dukani. Lakini vidole vya kushoto vilikuwa vyeupe kama mishumaa, na vya kulia peke yake havikuweza kuifungua. Nilihangaika nayo mpaka watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikairudisha kwenye mkoba.

"Oiva," nikasema, "nimekuja na gari lako. Nimeendesha mwenyewe. Mlango wa kushoto haufungi."

Nyuma kabisa mtu akakohoa ili asicheke.

Joto la kanisa lilikuwa limeanza kuingia vidoleni. Kilianza kidole cha mwisho, kikafuata cha pete, kwa maumivu makali kama ya kuchomwa kutoka ndani. Mchungaji akainamisha kichwa kuniashiria kwamba inatosha. Nikabaki pale pale. Tauno akaja, na mdomo wake uliochubuka, akanishika kiwiko.

"Shemeji," akanong'ona, "twende ukakae."

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Bado hajagomba."