Chumba cha Baridi cha Mjomba

Nilimwambia Mjomba, huyu Mama Afya ukimfungulia mlango atatuletea maiti. Hakunisikia. Mjomba akiamua kutosikia, hata jenereta ingurume sikioni mwake hasikii.

Sisi tunauza baridi. Nyuma ya soko tuna chumba kikubwa, kuta nene, mlango mzito, na darini zinaning'inia kulabu za nyama. Wauza nyama na kuku wanaleta mali jioni, wanaichukua asubuhi, wanatulipa kwa kuilaza. Mimi napakia, napakua, nafagia damu. Shule niliacha mapema, makalio yangu na dawati hayakuelewana, ndiyo maana wananiita Kiroboto.

Mama Afya ni afisa wa afya wa mji. Mama wa makamo, miguu imevimba, faili halimtoki kwapani. Alikuja na mpango wake. Mochwari ya hospitali yetu ni ndogo, siku za kawaida tu inajaa. Siku likitokea balaa, basi likapinduka au soko likaungua, maiti watalazwa wapi? Anatafuta baridi. Na baridi iko kwa Mjomba.

Mjomba alikubali chai haijapoa. Nilijua kwa nini. Ghorofa ile ya barabara ya juu ilipoanguka, mkewe alikuwa ndani, ameenda kwa fundi kujaribu gauni. Maiti wakalazwa uani hospitalini, chini ya turubai, kwenye joto lile. Mjomba akazunguka anafunua shuka moja moja, leo hayupo, kesho tena. Alipompata alimtambua kwa bangili. Uso ulikuwa umeshaharibika, na alisema haikuwa ghorofa iliyouharibu, ni jua. Alilisema hilo mara moja tu, hajalirudia.

Basi ikaja siku ya zoezi. Watu wa afya walijaza magunia maranda ya seremala, wakayafunga shuka nyeupe, halafu wakayavalisha viatu vya mitumba. Viatu vinachungulia nje ya shuka.

"Mama," nikamwambia, "hivi viatu vya nini?"

"Wabebaji wazoee kichwa kiko wapi, miguu iko wapi."

"Na watu wa sokoni wazoee nini?"

"Kiroboto, beba."

Mpango wake ulisema tupitie mlango wa nyuma, kimya kimya. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na kreti tupu za nyanya, na mwenyewe hajulikani aliko. Kwa hiyo gari la wagonjwa likasimama mbele, soko limefurika, na sisi tukaanza kushusha. Nilibeba mpaka mgongo ukasema imetosha. Tulipomaliza, Mama Afya akavua gunia moja viatu, akanirushia.

"Chukua. Vyako vinacheka."

Kweli vilikuwa vinacheka, soli imeachama mbele. Nikavivaa palepale mlangoni, mbele ya soko zima.

Kesho yake nafungua tu, Mama Kuku huyo hapo, mikono kiunoni. Anauza kuku, na ni mteja wetu tangu Mjomba ana nywele.

"Nitolee kuku wangu."

"Shikamoo kwanza, Mama Kuku."

"Shikamoo kampe huyo uliyemvua viatu."

"Yale ni magunia! Maranda!"

"Maranda yanavaa saizi yako?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaingia ndani, nikaburuta gunia moja, nikalipasua kwa kisu mbele ya macho yake. Maranda yakamwagika mpaka kwenye ndala zake. Akayatazama, akanitazama mimi.

"Sawa, hilo ni gunia. Wale wengine mmewaficha wapi?"

Nikarudi ndani kumtolea.

Alichukua kuku wake wote. Wauza nyama wakamfuata, mmoja mmoja, wananiangalia miguuni. Haukupita muda, kulabu zikabaki tupu. Mama Afya aliposikia akasema atatusaidia. Akatuma gari la matangazo, kipaza sauti juu, likazunguka mji mzima: "Wananchi mnatangaziwa kwamba hakuna maiti katika chumba cha nyama nyuma ya soko. Narudia, hakuna maiti!" Kabla ya hapo wanaosema walikuwa watu wa soko peke yao. Baada ya hapo hata wa ng'ambo ya mto, ambao hawajawahi kula kipande cha nyama yetu, wakaapa hawatakula tena.

Mjomba akawa anakaa kwenye kigoda, anasikiliza mashine. Inanguruma, inapoza hewa. Nikimwambia tuizime, anasema iache. Nikimwambia tule, anasema nitangulie.

Siku moja mchana Mama Afya akaja. Akavua viatu, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, miguu yake imejaa kama mito.

"Nimekuharibia, kaka," akasema.

"Magunia ndiyo yameniharibia," Mjomba akajibu.

"Nitakutoa kwenye mpango. Nitawaleta viongozi wa soko waingie, wakague, wakatangaze wao. Ukipaka rangi na kubadilisha mlango, watu watarudi. Watu husahau."

"Mtoe," nikadakia. "Mtoe leo hii."

Mjomba hakunitazama. "Ukinitoa mimi, dada, utawalaza wapi?"

Mama Afya akajifuta uso kwa kanga. "Nimezunguka mpaka nimechoka. Mwenye kiwanda cha barafu kakataa. Mwenye samaki kanifungia geti. Wameona yaliyokupata."

"Kwa hiyo wapi?"

"Uani hospitalini. Nimepata turubai jipya."

"Jipya," Mjomba akasema. Akacheka kidogo, kicheko ambacho ningependa nisikisikie tena.

Mimi nikawaka. "Mjomba, na sisi tutakula nini? Balaa lenyewe huenda lisije mpaka tufe! Utakaa unapoza hewa?"

"Nitaomba ofisi ikipange hiki chumba, iwalipe kodi," Mama Afya akasema, sauti chini. "Watakubali. Ila nawajua, watachelewesha."

Mjomba akainuka, magoti yakalia. Akaenda mpaka katikati ya chumba, akatazama dari.

"Kiroboto, lete spana. Toa kulabu."

"Zote?"

"Ulitaka waning'inizwe?"

Nikapanda ngazi. Ukishatoa kulabu, hapo hakuna nyama tena, na Mjomba alilijua hilo kuliko mimi. Skurubu zimeshika kutu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nakaza meno. Ya kwanza ilipotoka niliiachia ianguke sakafuni, iwapigie kelele wote wawili. Mjomba akainama, akaiokota, akaiweka kwenye gunia. Ya pili nikamshushia mkononi.

Kelele ile ilimleta Mama Kuku. Akasimama kizingitini, mguu ndani hatii.

"Mnahama?"

"Tunawapisha wageni wako," nikamwambia.

Nilingoja anirudishie. Akaangalia ngazi, akaangalia kulabu kwenye gunia, akamwangalia Mama Afya pale kwenye ndoo.

"Na ndugu zao, wanaokuja kuwatafuta, mtawaweka wapi?"

"Nje, hapo ukutani," Mama Afya akasema.

"Hapo jua linapiga kutwa." Akachezea fundo la kanga. "Siku ile ya ghorofa nilisimama uani toka asubuhi. Dada yangu alikuwa mule. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kaeni."

Miaka yote ananitukana pale sokoni, sikuwahi kujua kama ana dada. Mjomba akageuka polepole.

"Ulikuwa upande gani?"

"Kwenye bomba la maji."

"Mimi nilikuwa langoni."

"Nilikuona," Mama Kuku akasema. "Ulikuwa na shati la njano."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Mashine ikanguruma weee, wala sikuthubutu kugusa spana.

"Wekeni benchi," Mama Kuku akasema. "Upande huu wa kivuli. Na liwe la kuegemea, mtu akisubiri vile mgongo unamkimbia." Mama Afya hakulifungua faili lake, akachukua kalamu akaandika kiganjani. Mama Kuku akaanza kuondoka, akageuka. "Na kuku wangu sirudishi humu, msianze kunipangia."

Nilipotoa kulabu ya mwisho, Mjomba alikuwa nje, anapima kivuli cha ukuta kwa hatua.

"Mbao tutatoa wapi?" nikamuuliza.

"Zile kreti za nyanya si bado zimeziba mlango wa nyuma?"

"Si zina mwenyewe."

"Akija, mkaribishe akae."

Nikachukua nyundo, nikazunguka nyuma. Misumari iling'oka kwa tabu, mbao zinanuka nyanya zilizooza, mikono yote imejaa vibanzi. Nikabomoa kreti mpaka mlango wa nyuma ukafunguka.