Kitenge cha Harusi ya Sephora

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na nusu, Bibiane alipunguza moto chini ya sufuria ya sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, akafuta mikono, akageuza kiti chake kuelekea dirishani. Nje, barabara ya Ixelles, mjini Bruxelles, ilikuwa inaingia giza na mabasi yameshawasha taa. Kwenye pazia la dirisha lake jua la Lubumbashi lilikuwa bado kali, na binti yake Sephora alikuwa anaanua nguo uani.

Pazia hilo lilikuwa kitenge cha yadi sita, cha manjano, chenye ndege wa buluu. Kilikuwa kitenge cha harusi ya Sephora. Wanawake wote wa ukoo walivaa cha namna hiyo hiyo siku ile, na fungu la Bibiane lilimfikia Ubelgiji ndani ya sanduku la msafiri, miezi miwili baada ya harusi. Hakukishona. Kitenge cha harusi kinavaliwa mara ya kwanza pamoja na watu wa harusi, si peke yako mbele ya kioo, kwa hiyo alikitundika dirishani kimngoje Sephora aje. Sephora aliomba visa, akanyimwa. Aliponyimwa mara ya pili, ndege wa buluu walisogea pembeni wakaacha nafasi katikati, na kwenye nafasi ile ukaonekana ua wa nyumba ya Sephora, na mpapai wake, na kreti ya bia wanayokalia, na mlango wa jikoni.

Hakikuwa na sauti. Hakikuonyesha kitu kingine ila ule ua, kila siku, mpaka jua lilipotua kule. Mvua ikinyesha Lubumbashi, upindo wa chini ulidondosha maji, na Bibiane aliweka beseni. Hapo ndipo alipomwona mjukuu wake Alphonsine akiletwa kutoka hospitali alikozaliwa, amefunikwa shuka mpaka usoni. Hapo ndipo alipomwona akishika kreti ya bia, akaiachia, akatembea hatua nne, akaanguka kwa makalio. Bibiane alikuwa hajawahi kumbeba.

Papa Kalenga wa ghorofa ya chini alipanda kila siku na kiti chake mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha magari cha Forest, na kilipofungwa, ingawa wafanyakazi waligoma, alibaki na alasiri nyingi mkononi.

"Maman, leo tena kufua?" alisema siku ile, akikaa. "Jana kufua, leo kufua. Match iko siku gani?"

"Kama unataka match, bakia kwako, papa. Hapa ni kwa Sephora."

"Bon. Alors niwekee sombe."

Barua ya kwanza ilikuja wiki hiyo. Kodi ya televisheni ilikuwa imefutwa Bruxelles zamani, lakini chini kabisa ya jumba moja, karibu na mabomba ya maji ya moto, ilibaki ofisi ndogo, huduma ya kodi hiyo, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga. Ilikuwa na kabati la mafaili, mhuri, na mfanyakazi mmoja, bwana Jean-Pierre. Siku moja bwana Jean-Pierre alipita na basi, akaona dirisha la ghorofa ya tatu lina jua katikati ya mwezi wa kumi na mbili, akaandika namba ya nyumba. Barua ilisema kwamba mkazi wa pale ana chombo kinachopokea picha, na kibali hana.

Aliyeisoma ni Tasnim wa mlango wa pili, mwanamke wa Bujumbura ambaye kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Aliisoma amesimama, koti hajavua, akaimaliza kwa dakika moja.

"Wanasema muna televisheni, maman."

"Mi sina télévision."

"Ninajua."

"Niko na kikwembe," alisema, akionyesha kitenge.

"Basi waandikieni hivyo hivyo."

Bibiane alikuwa amesoma miaka minne tu kwa masista, lakini herufi zake zilikuwa nzuri, kubwa, zimesimama wima. Aliandika: *Bwana, sina televisheni. Niko na kitenge cha harusi ya binti yangu. Ubakie na amani. Bibiane.* Ilimchukua tangu saa ya chai mpaka saa ya chakula. Huduma ilipoona kwamba jibu halikuwa la Kifaransa, iliamua kwamba ni la Kiholanzi, na barua ya pili ikaja kwa Kiholanzi. Bibiane aliijibu kwa maneno yale yale. Barua zote alizitia ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na kila karatasi aliyopewa tangu alipofika nchi hii.

Mwezi wa kwanza bwana Jean-Pierre alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole wa koti la kijivu, na viatu alivivua bila kuambiwa. Alikitazama kitenge kwa mbele, akaenda nyuma yake akakuta kioo cha dirisha na njiwa, akarudi mbele. Uani kule Sephora alikuwa anamwogesha mtoto ndani ya karai.

"Kinapokea," alisema, akaandika.

"Hakina waya," alisema Tasnim.

"Sheria haiulizi waya, madame."

"Unakunywa chai?" Bibiane aliuliza.

Alikunywa vikombe viwili. Akaeleza kwamba kibali hakiwezi kupatikana tena, kwa kuwa fomu za kibali ziliacha kuchapishwa tangu kodi ilipofutwa. Lakini amri ya kumnyang'anya chombo asiye na kibali, hiyo haikufutwa. Aliomba radhi. Alisema atarudi na huissier, yaani mtu wa mahakama anayeingia nyumbani kuchukua vitu, na kwamba barua itatangulia.

Barua ilitangulia kweli, safari hii kwa Kifaransa. Tasnim aliisoma kama kawaida yake, dakika moja, koti mwilini, halafu akakaa chini.

"Watakichukua, maman. Wametoa siku kumi."

Papa Kalenga aliweka sahani yake sakafuni. "Tukifiche kwangu. Chini ya kitanda."

"Na mutoto nitamwangalia chini ya kitanda yako?" Bibiane alisema. "Kila siku nikuje nilale pale kama paka?"

Kalenga alifikiri kidogo, akaichukua sahani yake.

Bibiane hakulia. Alivaa miwani, akaanza kuisoma barua mwenyewe, kwa kidole, silabi moja kisha nyingine, kwa sababu hakujua namna ya kuruka neno. Kuruka ni mambo ya watu waliosoma sana. Siku ya tano alimaliza upande wa mbele, akageuza. Nyuma kulikuwa na herufi ndogo kama chembe za mchanga, ambazo Tasnim hakuzitazama, na huenda hata aliyezipiga chapa hakuzitazama. Kila alasiri alimwuliza Tasnim maneno matatu, manne, na Tasnim alimweleza huku anapiga miayo ya kazi.

Pale nyuma viliandikwa vitu ambavyo huissier haruhusiwi kuvigusa. Kitanda na matandiko yake. Meza, na viti vya kulia. Jiko. Ng'ombe mmoja, ama kondoo kumi na wawili, kwa chaguo la mwenyewe. Nguruwe mmoja. Kuku ishirini na wanne. Bibiane hakuwa na hata mmoja wa wanyama hao, lakini aliwasoma wote kwa heshima, na ng'ombe alimsoma mara mbili. Pazia hakuliona mahali popote. Siku ya tisa kidole chake kilifika kwenye neno alilolijua bila kumwuliza mtu. Lilikuwa nguo.

Aliacha kidole pale mpaka chai ikapoa.

Lilibaki jambo moja, na hilo halikuwa la mahakama. Kitenge cha harusi hakivaliwi peke yako. Aliliwaza hilo huku anakata vitunguu, akavimaliza vitunguu, akaenda kugonga kwa Tasnim.

"Kesho kuko ndoa," alisema.

"Ya nani, maman?"

"Ya Sephora."

"Sephora si ameolewa, mwaka wa nne huu?"

"Ile sikukuwako. Kesho niko."

Kesho yake walikuja watu kumi na saba. Tasnim alileta pilau ya Buyenzi, mtaa wa kwao Bujumbura, na shangazi zake wawili. Papa Kalenga alivaa suti aliyovaa siku ya kuaga kiwandani, na kiti chake alikifunga utepe mweupe. Bibiane alipika sombe, ugali wa bukari na samaki wa moshi. Saa tisa wanawake walikishusha kitenge dirishani, wakamzungushia kiunoni mara mbili, na yadi zilizobaki wakazipandisha begani, zikashuka mgongoni mpaka kwenye visigino. Mkasi haukuletwa. Ndege wa buluu walihangaika kidogo kwenye mikunjo, halafu wakasogea, na ua wa Lubumbashi ukatulia mgongoni mwake, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Vigelegele vilisikika mpaka kituo cha basi.

"Munaona vizuri?" Bibiane aliuliza.

"Mupapai tunaona," alisema Kalenga. "Simama wima kidogo, maman. Ee. Ndjo vile."

Saa kumi na nusu bwana Jean-Pierre aligonga, akavua viatu, akaongeza viatu vyake kwenye lundo la viatu mlangoni. Huissier alikuwa mwanamke kijana mwenye mkoba wa ngozi. Alitazama dirisha likiwa tupu.

"Chombo kiko wapi?"

"Amekivaa," alisema bwana Jean-Pierre.

Huissier alimzunguka Bibiane, akatazama mgongo kwa muda, akarudi mbele.

"Hii ni nguo."

"Mwezi huu huu ilikuwa pazia, madame. Nimeandika."

"Leo ni nguo. Mama ameivaa."

"Lakini inapokea!"

"Sheria haiulizi nguo inapokea nini," alisema huissier.

Bibiane alikuwa ameshaitoa barua kwenye mfuko wa msumarini. Aliigeuza, akaweka kidole mahali pake. "Ni hapa, mwanangu. Chini ya kuku."

Huissier aliinama akasoma pale palipo na kidole, kisha akasoma na juu yake, kwa ng'ombe, na ilionekana wazi kwamba alikuwa hajawahi kufika huko. Akaandika kwenye karatasi yake: *Nguo ya mwenyewe. Haichukuliwi.* Bwana Jean-Pierre alitoa mhuri mfukoni. Aliupiga mara mbili, kwa nguvu, kama mtu aliyeukalia miaka mingi bila kazi.

Papa Kalenga alipanda juu ya kiti chenye utepe. "Maman ameshinda État, serikali muzima!" alipiga kelele. "Bantu wa Forest, mwangalie! Sisi tulikuwa elfu na tulishindwa, maman ameshinda na kidole moja!"

Hapo nyumba haikuwatosha tena. Walishuka ngazi wanaimba, Bibiane mbele, wakaingia barabara ya Ixelles kuelekea Porte de Namur. Kulikuwa na giza na manyunyu, lakini waliomfuata hawakuhitaji taa, kwa maana jua la mgongoni mwake liliwamulika mpaka miguuni. Wasusi walitoka saluni na vitana mikononi, wakaitikia wimbo. Wanafunzi waliokuwa wanakula viazi walisogea wakawapisha. Huissier alibeba bakuli la pilau. Bwana Jean-Pierre alifuata na sahani ya sombe, akila huku anatembea, na aliyemwuliza kuna nini alimjibu kwamba ni harusi.

Karibu na kituo cha basi wimbo ulipungua kwa nyuma, halafu ukakatika. Bibiane hakuweza kuona mgongo wake mwenyewe. Alisimama.

"Kuko nini?"

"Sephora anaingia uani," alisema Tasnim. "Amevaa viatu vya kwenda mjini. Ana bahasha."

"Ameifungua?"

"Anaifungua sasa. Amekaa kwenye kreti. Anasoma."

Basi lilikuwa limesimama nyuma yao, haliwezi kupita. Dereva hakupiga honi.

"Halafu?"

"Ameikunja, maman. Amesimama. Kuna mfuko wa plastiki kwenye msumari, pale mlango wa jikoni. Ameitia humo."

Bibiane aliuelewa ule mfuko. Hii ilikuwa mara ya nne Sephora kunyimwa visa. Tasnim alimgeukia bwana Jean-Pierre.

"Monsieur, ile ofisi ya visa, nao wanasahau kitu kama nyinyi? Barua zao nazo zina maandishi nyuma?"

Bwana Jean-Pierre alimeza kilichokuwa mdomoni. "Ile ni huduma nyingine, madame," alisema. "Ile inafanya kazi kila siku."

Manyunyu yaliendelea. Upande wa mgongo wa Bibiane hayakugusa kitu, kwa sababu Lubumbashi kulikuwa kukavu.

"Na mutoto?" aliuliza.

"Mtoto ametoka jikoni," alisema Tasnim. "Maman yake amekaa tena. Mtoto amemshika magoti. Anamvuta ainuke wacheze."

"Mupigie vigelegele."

"Hasikii, maman. Hakina sauti."

"Mupige tu."

Walipiga. Walipiga wanawake wa Bujumbura na wa Lubumbashi, na wasusi kwenye milango yao, na Papa Kalenga, ambaye si mwanamke, alipiga vilevile, wakaongeza na makofi. Uani kule Alphonsine aliliachia goti la mama yake, akainua mikono juu, akaanza kucheza, na miguu yake ilifuata makofi yao bila kukosea. Sephora alimtazama, akajifuta uso na kanga, akainuka.

"Wanacheza," alisema Papa Kalenga. "Wote wawili, maman."

Abiria walikuwa wamejazana kwenye vioo vya basi upande mmoja. Wale wa upande wa mbali walisimama juu ya viti, lakini hawakuona vizuri. Bibiane alishika kitenge chake kiunoni, akaanza kugeuka taratibu, hatua ndogo ndogo, ili na wao wamwone mtoto.