Mistari Sita ya Ziada

Mhariri wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ambaye wenzake walimwita Mkasi hata akiwepo, aliingia chumba cha kadi za maneno na ukurasa kwapani. Neno 'board' lilikuwa limezidi nafasi yake kwa mistari sita, na kiwanda cha uchapaji kiliusubiri ukurasa huo kabla ya adhuhuri.

"Dada, leo maana moja itatupisha," alisema. "Hii ya 'meza'. Nani siku hizi anaita meza hivyo?"

Mkusanya maneno, aliyeitumikia kamusi hiyo miaka tisa, hakuinua macho. "Haya, iondoe. Ila unieleze ilikuwaje neno hilohilo likawa pia chakula anachopewa mpangaji."

Mkasi alikata kwa kalamu nyekundu, akaanza kuandika maelezo. Akafuta. Akaandika tena, yakawa marefu kuliko ya awali. Alipofika kwenye maana ya 'baraza la wakurugenzi' alikwama kabisa.

"Unatoka jasho, kaka," alisema mkusanya maneno. "Na feni inazunguka."

"Cheka tu. Wewe ungefanyaje?"

Mkusanya maneno alizitandaza kadi sakafuni, kila moja na maana yake, si kwa wingi wa matumizi kama Mkasi alivyoagiza, bali kwa kuzaliwa. Juu kabisa, ubao. Chini yake ubavu wa chombo cha majini, uliojengwa kwa mbao, na mtoto wake: kupanda chomboni. Kando, meza, ambayo ni ubao ulioinuliwa. Kisha watoto wake wawili, chakula kilichoandaliwa juu yake na watu walioizunguka kwa mashauri.

Mkasi alichuchumaa, akazitazama. Miaka yote alizidhani maana hizi kuwa umati unaosukumana mlangoni. Kumbe ni ukoo, uliopokea kila mgeni bila kumsahau mzazi. Watu wasiojuana, karne kwa karne, walikuwa wameujenga kwa kusema tu walichohitaji kusema.

Akaanza kuandika upya. Kila maana sasa iliegemea iliyoitangulia, hivyo maneno matatu manne yalitosha. Alihesabu mistari mara mbili. Yote ilienea, na 'meza' imo.

Alipiga simu kiwandani kuomba saa moja zaidi, akakaa sakafuni kabisa, akasogeza kadi za neno lililofuata.

"Na hili," aliuliza, "mama yake nani?"