Chungu Kisichopikiwa Uji

Wewe ungefanyaje, kama chungu chako cha kahawa kingevunjika asubuhi ile ile uliyokihitaji kuliko asubuhi zote?

Dafroza alisimama tu. Mkononi alishika kipande cha mdomo wa chungu, na kipande kingine kilikuwa kimelala kwenye majivu kama sikio la mtu. Mbuzi aliyefanya kazi hiyo alikuwa ameshatoka nje, anatafuna ganda la ndizi, hana habari.

Nyuma ya nyumba jembe lilikuwa linalia, chwa, chwa, chwa. Ni Ansbert, mumewe, anachimba. Shimo hilo alilianza mara tu aliporudi kutoka vitani, akasema ni la takataka. Sasa ukimtazama kutoka kwenye kona ya nyumba uliona kofia peke yake. Takataka gani za nyumba ya watu wawili, binti yao Bonifasia ameshaolewa Rulenge, zinazotaka shimo la kumfika mtu shingoni? Usiku alilala kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa, juu ya magunia. Ndani ya nyumba hakuingia. Ukimwita kula alipokea sahani mlangoni kama mpita njia.

Na leo anaondoka. Lori la ushirika lingepita kwenye barabara ya Kanazi jua likishapanda, linaelekea Biharamulo, naye angelipanda kwenda kwa kaka yake Nyarubungo. "Kupumzika kidogo," alisema jana, akitazama kucha zake. Hakusema atarudi lini. Dafroza hakuuliza, maana aliliogopa jibu. Anatoli wa nyumba ya pili alirudi na mgambo wenzake siku ile ile, naye akaenda kupumzika kidogo kwa wajomba. Mpaka leo mkewe analima peke yake.

Alichokuwa nacho Dafroza cha kumrudisha mumewe ndani ni kimoja tu, kahawa ya chungu.

Kahawa hiyo alifundishwa na Sista Lupe, zamani alipokuwa mpishi wa masista kule misheni. Sista Lupe alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeusi sana, akicheka hushika mbavu. Alitoka Meksiko, nchi ambayo Dafroza aliijua kwa jambo moja, kwamba na wao huko wanapikia vyungu vya udongo. Sista hakuacha kushangaa. Watu wamezungukwa na mibuni mpaka mlangoni, wanachuma, wanaanika, wanapeleka yote kwenye chama cha ushirika, halafu wao wenyewe wanakunywa chai!

Siku ya kwanza alimwomba Dafroza amchemshie kahawa, atie na mdalasini. Dafroza akafanya alivyomwona mama mkwe wake akifanya. Akachukua buni nzima na maganda yake, akaichemsha na ule mdalasini, akaianika juani mpaka ikakauka vizuri, akampelekea Sista kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Sista akatia moja mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Dafroza, mwanangu, hii ni dawa au ni chakula?"

"Ni ya kumpokea mgeni, Sista. Kwa kina mume wangu, mgeni hakai bila kutafuna."

Sista alicheka mpaka machozi, lakini akamaliza kikapu chote. Ndipo wakaingia jikoni wote wawili. Buni ikakobolewa, ikakaangwa juu ya kigae mpaka ikang'aa, ikatwangwa, isiwe unga kabisa. Maji kwenye chungu. Sukari guru kwanza, iyeyuke, maji yawe mekundu. Kijiti cha mdalasini, karafuu, ganda la chungwa lililomenywa bila ule weupe wake mchungu. Yakishanukia ndipo kahawa inaingia, na ikiingia tu, epua. Funika. Usikoroge. "Ukikoroga itakasirika," alisema Sista Lupe, na Dafroza hakukoroga hata siku moja.

Ansbert alipoionja mara ya kwanza alisema, "Inafaa." Tangu hapo, kila jioni, ilikuwa hivyo. Dafroza alimimina, akaweka kikombe juu ya kigoda pale uani alipokaa mumewe, akarudi jikoni kuchambua maharage. Mama yake alimfundisha kwamba mwanamume anayekunywa hasimamiwi kichwani. Kutoka uani ilikuja sauti, "Inafaa." Basi. Ansbert hakuwa mtu wa maneno.

Lakini walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, kwenye nyumba za mstari, kila mwanamume alibeba kitanda au mlango. Ansbert alijitwika chungu cha kahawa kichwani, kama mwanamke anayetoka kisimani. Watu walimcheka njia nzima. "Mlango utachongwa mwingine," aliwajibu. Dafroza alikuwa nyuma yake na mkeka, akaangalia chini ili watu wasione anavyotabasamu.

Sista Lupe alirudi kwao, akamwachia fungu la mdalasini. Vita ilipokuja na Ansbert akaenda na mgambo, duka la kijiji lilibaki na viberiti na mwenye duka. Dafroza alikichemsha kijiti kimoja, akakianika, akakichemsha tena, mpaka kikawa hakina tofauti na ukuni. Cha mwisho hakukigusa. Alikifunga kwenye kitambaa, akakichomeka kwenye paa. Hiki ni cha Ansbert akirudi.

Akarudi, na kila siku Dafroza alisema kesho, akisubiri siku ambayo mumewe ataingia ndani mwenyewe. Sasa kesho zimekwisha, na chungu kimevunjika.

Alijifunga kanga vizuri, akatoka mbio.

Nimpaye, mfinyanzi, alikaa mwisho wa mstari. Alikuwa mama mtu mzima aliyevuka kutoka Burundi miaka ile ya matatizo, akiwa na mjukuu mgongoni na udongo, alivyopenda kusema, kwenye kucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unahema hivyo, kuna nyoka?"

"Nataka chungu. Kidogo, cha kahawa."

Nimpaye alimtazama, akainuka polepole, akashika magoti. "Hiki hapa. Nimekitoa motoni juzi. Lakini sikia, kichanga hiki bado hakijanyonya. Ukakipikie uji kwanza, ulale humo usiku kucha, kesho umwage, uchemshie maganda ya ndizi. Ndipo utie kahawa yako."

"Kesho hayupo, mama. Lori linakuja leo."

"Ego." Mama Nimpaye aliitikia kwa Kirundi, akamkabidhi chungu. "Basi kitakunywa kahawa yako, na yeye kitampa udongo. Usije ukasema Nimpaye hajui kufinyanga."

"Sitasema."

"Na ukilia humo ndani kitanyonya na machozi. Nenda."

Dafroza alijua anachofanya si sawa. Hakuna mwanamke wa pande hizi anayepikia chungu ambacho hakijapikiwa uji, ni kama kumpa mtoto mchanga ugali. Alikisugua kwa majani ya mgomba, akakisuuza, akakisugua tena. Akatia maji, nacho kikaguna tsss na kuyanywa, akaongeza. Sukari guru. Karafuu chache alizoomba nyumbani kwa Bartholomayo mwenye duka. Ganda la chungwa. Mwisho akashusha kile kitambaa kutoka kwenye paa, akakifungua, akakinusa kijiti cha mdalasini. Bado kilikuwa na roho. Akakitia, yakanukia, akatia kahawa, akaepua, akafunika.

Jikoni kukajaa harufu ya zile jioni. Dafroza alisikiliza. Jembe lilikuwa limenyamaza.

Akamimina kikombe, akakiweka juu ya kigoda, si uani kama zamani, ila mlangoni, kwa ndani kidogo ya kizingiti. Akaita, "Baba Bonifasia! Kahawa!"

Hakuna aliyetokea.

"Itapoa!"

"Niletee huku," ilisema sauti kutoka shimoni.

Moyo ukamshuka. Lakini alichukua kikombe, akazunguka nyumba. Ansbert alikuwa amepanda, amekaa kwenye ukingo, miguu imening'inia ndani ya shimo. Fulana imejaa udongo mwekundu. Kifurushi chake cha safari kilikuwa kando yake, kimefungwa kamba. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akafumba macho.

Akanywa. Akasita katikati ya funda, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

"Ina udongo," alisema.

"Najua. Kile chungu mbuzi amekivunja. Hiki ni kipya, hakijapikiwa uji. Mama Nimpaye alinionya. Nilikuwa na haraka, baba Bonifasia, nilitaka tu… Nipe nimwage."

"Acha."

Alikunywa tena, taratibu.

"Kule mpakani mvua ilijaa kwenye handaki," alisema Ansbert. Hakuwa anamtazama yeye, alilitazama shimo. "Tuliyanywa maji yale yale tuliyosimama ndani yake. Tuliyachuja kwa shati. Mimi nilikuwa nafumba macho, najiambia hii ni kahawa ya Mama Bonifasia. Natia mdalasini kwa akili tu. Natia na ganda la chungwa. Inashuka." Akakitazama kikombe. "Sasa nimekaa kwangu, nafumba macho, nanywa kahawa yako, na ni handaki."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu arudi. Dafroza hakujua aweke wapi mikono yake.

"Na kwenye akili yako," aliuliza mwishowe, "ilikuwa tamu?"

"Ulikuwa unazidisha karafuu."

"Mimi? Sizidishi karafuu!"

"Kule ulizidisha." Na kwenye kona ya mdomo wake kitu kilijaribu kucheka, kikashindwa, kikajaribu tena.

Dafroza alifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote, akageuka kurudi jikoni ili mwanamume anywe kwa amani.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Kuna nini?"

"Maharage."

"Maharage yana haraka gani?"

Chini kwenye barabara lori lilipiga honi. Kuku wakatawanyika. Mtu alipaza sauti, wa Biharamulo, wa Biharamulo, twende! Dafroza alikitazama kifurushi, akamtazama mumewe. Ansbert hakukigusa. Alikisukuma pembeni kwa kiwiko, akapangusa ule udongo mbichi kando yake kwa kiganja, akausawazisha, akaupigapiga, kama mtu anayetandika mkeka. Honi ikalia mara ya pili. Akainua kikombe kuelekea kwa mkewe. Kilikuwa bado nusu.

"Kaa, Dafroza," alisema. "Jioni zote zile unaniwekea kikombe unaondoka, mimi nilikuwa nataka ukae."