Mstari wa Mzee Nassibu

Amri ilirudi na jedwali lake, na mstari wa Mzee Nassibu ulikuwamo. Sabra akashusha pumzi. Pale ofisini kwao Kibiti hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi, kabla hajagusa chai, binti huyu huandika neno snmptable kwenye dirisha jeusi la kompyuta, akakitaja kifaa cha intaneti kilichofungwa zahanati ya Mbwera, kule visiwani, na kukiagiza kimtajie simu zote kilizozishika. Kifaa hakina hiyana. Hujibu kwa mistari na safu, kila simu na mstari wake, na mmojawapo ni wa baba yake, huyo Mzee Nassibu.

Kazi aliyoajiriwa ni kukagua kama vifaa vya delta nzima viko hai. Hili la baba alijiongezea mwenyewe.

Maana walikuwa wamenuniana. Mzee Nassibu ndiye nahodha wa boti ya zahanati, hupitisha wagonjwa na dawa katikati ya mikoko, na siku hizi mgongo unamsumbua. Sabra alimwambia, tena kwa ukali uliomshangaza hata yeye, "Baba, hiyo boti waachie wengine. Njoo Kibiti nikutunze." Mzee akajibu kwamba yeye si furushi la kubebwa, akanawa mikono na kuondoka, wali ungali sahanini. Tangu hapo akipigiwa hapokei. Simu huita mpaka ikachoka yenyewe. Lakini mstari upo! Hilo ndilo lililomchoma Sabra: baba yupo, simu anayo, ila mwanawe hamtaki.

Siku hiyo bosi wake, Benedict, alimwomba aangalie nguvu ya mawimbi kule Mbwera. Sabra alizoea kulibana dirisha lile pembeni mwa kioo, safu za mwisho zikakatika, naye hakuwa na shida nazo. Sasa akalipanua, ikatokea safu aliyokuwa hajaijali, ya namba inayopanda simu ikisogea karibu na kifaa na kushuka ikienda mbali. Akairudia amri mara kadhaa. Namba za wengine zilipanda na kushuka. Ya baba ilikuwa palepale. Akanywa chai, akarudia. Palepale. Ikaadhiniwa adhuhuri, ingali palepale.

"Mungu wangu!" Baba yake, mtu ambaye hata akila huinuka kwenda kuichungulia boti, amekaa mahali pamoja tangu asubuhi? Mtu mzima wa afya hakai hivyo. Akampigia Marsela, muuguzi wa zahanati ile, mzaliwa wa Songea ambaye watu wa Mbwera wamekwisha kumfanya wao.

"Dada Marsela, baba yuko wapi? Usinifiche."

"Baba? Namwona yule, anaosha boti. Kwani vipi, mdogo wangu?"

"Simu yake haisogei!"

Marsela akaangua kicheko. "Itasogeaje, na ipo kwenye chaji hapa dirishani kwangu? Asubuhi anaileta, jioni anaifuata."

Jamani, hilo si alipaswa kulijua! Amezaliwa Mbwera, amekulia humo, na simu za nusu ya mtaa wao hushinda kwenye umeme wa jua wa zahanati. Kibiti imemsahaulisha kwao.

"Chaji gani ya kutwa nzima, dada? Na mimi nampigia kila siku!"

"Humu mna wagonjwa, simu zote tunaziweka kimya, na yake hurudi nyumbani hivyohivyo. Na mzee kusoma kilichoandikwa kwenye kioo mpaka aombe mtu. Kuomba mtu, unamjua. Halafu mimi nilimwambia yale uliyonieleza ulipokuja kukifunga kifaa, kwamba ukiwa huko unaziona simu zilizopo hapa. Nyumbani kwake intaneti haifiki, kwenye boti ndiyo kabisa. Akasema basi ikae hapa, mwanangu asiingiwe na wasiwasi."

Sabra akalia. Alilia bila kujificha, mpaka Benedict akachungulia mlangoni na kurudi zake kimyakimya. Wakati wote ule aliodhani anasuswa, mzee alikuwa akijianika dirishani ili aonekane.

"Mpelekee simu yako niseme naye, dada. Tafadhali."

Zikasikika ndara za Marsela, upepo, kisha kikohozi anachokijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, leo sionekani?"

"Unaonekana, baba. Unaonekana vizuri."

"Alhamdulillahi. Nilisema nikitembea nayo mtoni utaona nimepotea, uanze kulia. Nakujua wewe."

"Baba, siku ile nilikuvunjia heshima. Nisamehe."

"Aa, yaishe. Mgongo unauma kweli. Wewe ulisema kweli, mimi nikaona haya." Maji yakasikika yakipiga ubavu wa boti. "Lakini nikuulize jambo."

"Niulize, baba."

"Mimi nikitaka kukuona wewe, nabonyeza wapi?"

Sabra akakitazama kioo. Mbele yake jedwali lilikuwa limejaa namba, na hakuna hata moja ya kumpa.

"Jumamosi nakuja, baba. Nitafika mpaka bandari ya Nyamisati. Unifuate hapo."

"Na boti?"

"Na boti, baba."

Mzee akapaza sauti, amesahau kabisa kwamba simu ingali sikioni: "Marsela! Marsela wee! Anakuja!"