Kibakuli Kidogo

Ubavu wa kushoto wa ng'ombe wao Kabri ulikuwa umetuna kama gunia lililoshindiliwa. Lakhi aliuona kabla hajautua mzigo wa majani ya lusini kichwani. Ng'ombe alisimama amekunja mgongo, akisaga meno, na ndani ya hori mabaki ya ngano iliyochemshwa yaling'aa kwa sukari guru.

"Nani amemlisha?"

Vashram, mumewe, aliinuka taratibu kwenye kitanda cha kamba. "Watu wamepitapita. Si unajua leo siku gani?"

Alijua. Tangu alfajiri mapaa yote ya mtaa yalijaa watu wanaorusha tiara, na kila jiko lilipika ngano, kwa kuwa anayemlisha ng'ombe siku jua linapogeuka huvuna thawabu ya mwaka mzima. Ndiyo maana, alipotoka kwenda kukata majani, alimwambia mumewe afunge mlango kwa komeo. Kabri alikuwa na mimba kubwa. Maziwa atakayotoa akizaa ndiyo yangeilisha nyumba hii mpaka mvua zijazo.

"Nilikwambia nini, Baba Ranu?"

"Ningewafukuza? Mtu amekuja na wajukuu wake, kibakuli kimefunikwa kitambaa, nimwambie nini? Kila mmoja alileta kidogo tu."

"Kila mmoja," alisema Lakhi.

Alilivuta hori pembeni, akachanganya magadi na mafuta ya ufuta kwenye chupa, akatia mvuje wa kutoa gesi, akakiinua kichwa cha Kabri na kummiminia kwa kituo asije akapaliwa. Daktari wa mifugo hakupokea simu; bila shaka naye alikuwa juu ya paa. Lakhi akakunja ngumi, akaikandamiza ubavuni, akangoja. Tumbo la ng'ombe mzima huisukuma ngumi, likatulia, likaisukuma tena. Hili lilibonyea kama unga uliokandwa, na shimo la ngumi likabaki.

Hasira yake haikuwa ya kulipuka. Ilipanda polepole, ikipitia kila kitu alichokuwa amekimeza. Alikumbuka miezi ya joto, majani yalipokwisha hata kando ya mfereji, Kabri akitafuna makaratasi jalalani na kufukuzwa kwenye milango hii hii. Wakati ule hakuna aliyefunika kibakuli kwa kitambaa.

Bangili zililia mlangoni. Akaingia Kanchan, mke wa mwenye duka la vitambaa, katika sari ya hariri, bakuli la shaba mkononi.

"Lakhi, mwanangu! Nimechelewa, wajukuu walining'ang'ania huko juu. Yuko wapi mama yetu ng'ombe nimlishe?"

Siku zote Lakhi alivuta ushungi usoni mbele ya mama huyu. Leo ushungi ulikuwa umeanguka mabegani, naye hakuupandisha.

"Halishwi."

"Ala! Kibakuli kidogo tu."

"Lete mkono."

"Mkono wa nini?"

"Huo unaolisha, Mama Kanchan." Alimshika kifundo, akakibandika kiganja chake ubavuni. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo hivyo. Humo mna vibakuli vidogo vya mtaa mzima, vinachacha. Thawabu mmechukua ninyi, mzoga mniachie mimi."

"Lakhi!" Vashram alimaka. "Huyo mkubwa wako!"

"Na huyu je? Wakati wa joto alipokuja kulamba ukuta wako, mama, ulimtolea nini? Ulimtolea mlinzi na fimbo."

Kanchan alijaribu kuuvuta mkono, Lakhi hakuuachia. Juu ya mapaa watu walishangilia tiara iliyokatwa uzi.

Mlango ukagongwa. "Jamani, ng'ombe yupo? Tumeleta kidogo tu!"

Vashram alimtazama mkewe. Kisha akaenda, akaufunga mlango kwa komeo. "Leo hatupokei," alisema kupitia ubao wa mlango.

"Loo! Wanataka thawabu zote ziwe zao!" mtu alicheka huko nje, na nyayo zikaondoka.

Kanchan aliweka bakuli juu ya ukuta, mbali na pua ya Kabri. Lakhi akamwachia kifundo. Mkono haukuondoka ubavuni.

"Nikandamize hapa?"

"Chini kidogo. Kunja ngumi."

Wakasimama bega kwa bega, hariri na kaniki, wakisikiliza kwa ngumi zao.

"Kimesogea," Kanchan alinong'ona.

Chini ya ngumi ya Lakhi pia kulikuwa na kitu kinachodunda, lakini kwa hasira aliyokuwa nayo hakuweza kujua kama ni tumbo la Kabri au damu yake mwenyewe.